Picha ya Askari Ilitakiwa, Askari Mwenyewe Hakutakiwa

Mwaka 1929 kijana wa miaka 25, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliingia Berlin na dai lisilo na mafumbo: alipwe malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Baba alikuwa askari wa Kisudani katika Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 mwana naye akaingia jeshini, na wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 10. Oktoba 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, huko Lindi, akatekwa na Waingereza. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ilimjibu kwamba muda wa kudai umeshapita.

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin, akafanya kazi ya uhudumu katika jumba moja la starehe, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1941 alionekana katika filamu za Kijerumani zisizopungua 20, akiwa mtumishi, mpagazi, kiongozi wa msafara, askari mtiifu. Alizaliwa akiitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Ulaya alijulikana zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Nimemtanguliza Husen kwa sababu mjadala wa rangi kwenye sinema una tabia ya kuishia kwenye kioo. Tunakaa tunahesabu: filamu hii imemfanya mweusi mwizi, ile imemfanya kichekesho, nyingine imempa koti la daktari, basi tunapiga makofi. Hesabu hiyo ina haki yake. Ila inatuacha tukimjadili mhusika tu, na mtu aliyevaa nguo za mhusika huyo hatumuulizii. Nani alimwita siku ya kurekodi? Alilipwa? Jioni alirudi kulala wapi, na majirani walimtazamaje?

Msomi wa filamu aliyeyabeba maswali hayo kwa uzito ni Tobias Nagl, ambaye anafundisha Kanada. Mwaka 2009 alichapisha kwa Kijerumani kitabu kinene kuhusu rangi katika sinema ya Jamhuri ya Weimar, ile Ujerumani ya kati ya 1919 na 1933. Filamu anazichambua, tena kwa jicho kali, lakini anaingia pia jikoni kwa filamu. Anafuatilia Waafrika waliokuwa wakiishi Hamburg na Berlin, wengi wao kutoka makoloni ambayo Ujerumani ilikuwa imeshanyang'anywa, na kuonyesha kwamba kazi ya ekstra, yaani kujazia umati kwenye filamu, ilikuwa miongoni mwa riziki chache zilizobaki wazi kwao. Studio ikihitaji "msituni", Waafrika wa mjini waliitwa wakavae majani. Mtu aliyefika kwa tramu, amevaa suti, anazungumza Kijerumani safi, alivuliwa suti hiyo ili awe mshenzi mbele ya kamera.

Mfano wake mmoja ni filamu ndefu ya mwaka 1919, yenye sehemu nane, ambayo mtayarishaji wake Joe May alijenga mji mzima wa maonyesho huko Woltersdorf, nje kidogo ya Berlin. Wachina waliokuwa Berlin waliilalamikia kwa jinsi ilivyowachora. Hapo ndipo napata jambo ambalo wachambuzi wengi wa stereotaipu hulipita bila kuliona, kwamba waliochorwa vibaya walikuwepo, walikuwa watazamaji, na walijibu papo hapo. Ile hoja ya "ndivyo watu wa zamani walivyokuwa wanafikiri" inapungua nguvu sana ukishajua kwamba watu wa zamani walijumuisha pia waliokasirika.

Mfano mwingine ni Louis Brody, mzaliwa wa Douala, Kamerun, mwigizaji mweusi aliyeonekana zaidi kuliko wengine katika sinema ya Ujerumani ya miaka hiyo. Mwaka 1921 kulikuwa na kampeni kali dhidi ya askari weusi wa Ufaransa waliokuwa wakilinda eneo la mto Rhine baada ya vita. Magazeti na mikutano ya hadhara iliwaita fedheha nyeusi na kuwasingizia ubakaji wa jumla. Filamu ikatengenezwa juu ya mada hiyo. Wakati hayo yakiendelea, Brody aliandika barua ya wazi gazetini Berlin akieleza jinsi Waafrika wa kutoka makoloni ya zamani ya Ujerumani walivyokuwa wakishambuliwa mitaani kwa sababu ya kampeni ile. Mwigizaji ambaye kwenye kioo aliruhusiwa kukunja uso na kubeba mkuki, gazetini aliandika kama raia mwenye hoja. Kampeni hiyo iliacha alama ndefu: mwaka 1937 utawala wa Hitler uliwahasi kwa siri watoto wa askari wale na wanawake wa Kijerumani, mamia kadhaa, kwa kosa la kuzaliwa.

Angalia basi askari mweusi alivyokuwa katika fikra za Ujerumani ile. Akiwa wa Ufaransa, ni mnyama. Akiwa wa Ujerumani ya zamani, yule askari wa Afrika Mashariki aliyepigana chini ya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, ni mfano wa uaminifu. Wakoloni wa zamani waliihitaji sana picha hiyo ya pili. Walikuwa wanadai makoloni yao yarudishwe, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba wenyeji waliwapenda. Ushahidi ni nani? Askari mwaminifu.

Husen aliingia moja kwa moja kwenye nafasi hiyo. Mwaka 1934 Ujerumani ilipoanza kugawa msalaba wa heshima kwa waliopigana mstari wa mbele, aliomba wake. Alikataliwa. Akanunua nishani dukani, akajipatia na sare ya askari, akawa anahudhuria mikutano ya wapenda makoloni akiwa amevaa vyote viwili. Kuna picha yake ya miaka hiyo: amesimama na kofia ya askari, nishani kifuani, kila kitu kinavyotakiwa isipokuwa karatasi ya kumthibitisha. Waliomwalika kwenye mikutano hawakuwa na tatizo na nishani ya dukani, maana ilipendeza kwenye picha. Mwaka 1939 alijitolea kujiunga na jeshi la Ujerumani kwa vita mpya. Alikataliwa tena.

Hiki ndicho ninachokiona kuwa kiini cha habari nzima. Dola ile iliitaka sura ya askari mweusi mstaafu, ikaipiga picha, ikaipeleka kwenye majukwaa na studio. Askari mwenyewe, mwenye mshahara usiolipwa na mke na watoto, ilimwona mzigo. Na haya hayakuishia Ujerumani, wala hayakuishia mwaka 1945.

Filamu ya hali halisi ya Eva Knopf, *Majubs Reise* (Safari ya Majub), ya mwaka 2013, ndiyo iliyomtoa Husen pembezoni ikamweka katikati. Knopf alikuwa na tatizo ambalo watengenezaji wengi wa filamu za maveterani hawalijui. Kwa kawaida unamkalisha mzee kwenye kiti, taa moja pembeni, unamuuliza, anasimulia, mara anatua, machozi yanamlengalenga, na hapo filamu imeshapatikana. Husen alikuwa amekufa tangu 1944. Hakuna mahojiano. Kilichobaki ni mafaili ya ofisi za serikali yanayomzungumzia, na zile filamu. Knopf akazichukua filamu zilezile zilizomweka nyuma ya mastaa kama Zarah Leander na Hans Albers, akazitazama kwa kumfuata yeye badala ya staa. Unamwona akiingia, akisimama, akitoka. Staa anazungumza, wewe humsikilizi tena.

Ni mbinu rahisi kuieleza, lakini inafanya kazi ambayo mahojiano yasingeweza kuifanya. Inamlazimisha mtazamaji akubali kwamba picha pekee za Husen zinazotembea ni zile alizopigwa akiwa anatumika. Zikichomwa kwa sababu ni filamu za kibaguzi, naye anatoweka. Wapo wanaodai filamu za aina hiyo zifungiwe kabisa zisionekane. Mimi nasema zionyeshwe, ila zionyeshwe hivi.

Utafiti wa maisha yake haukuanzia kwenye filamu. Marianne Bechhaus-Gerst, mtaalamu wa masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Cologne, alichapisha wasifu wake mwaka 2007, na mwaka huohuo jiwe dogo la shaba la kumbukumbu likawekwa kwenye lami ya Berlin mahali alipokuwa akiishi. Waliosoma riwaya ya mwisho ya Abdulrazak Gurnah kabla ya kupata Nobel mwaka 2021 wataona kivuli cha maisha ya namna hii katika Ilyas, askari wa pwani anayepotelea Ujerumani na kuishia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi.

Sasa tufike pagumu. Katika filamu *Carl Peters* ya mwaka 1941, Husen aliigiza Ramasan, kiongozi wa njia wa Peters. Peters ni yule ambaye huku kwetu aliitwa Mkono wa Damu, aliyemnyonga mtumishi wake Mabruk na mwanamke wa Kichaga aliyeitwa Jagodja huko Kilimanjaro mwaka 1891 na 1892, hadi serikali yake mwenyewe ikaona aibu ikamfukuza kazi mwaka 1897. Hitler akamsafisha jina mwaka 1937. Filamu ikamfanya shujaa, na kijana wa Dar es Salaam akatembea pembeni yake akimwonyesha njia.

Tumwiteje? Msaliti? Mhanga? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini haki ya Husen si lazima iwe utakaso. Alikuwa na fahari na sare ile. Alifundisha Kiswahili kwa maofisa waliotarajia kurudi kututawala. Alijua vizuri anauza nini na kwa nani. Wakati huohuo, mwaka 1935 alishapoteza kazi ya uhudumu baada ya wafanyakazi wenzake kumchongea, sheria za rangi zilikuwa zimeshapitishwa, na studio ilikuwa moja ya sehemu chache ambapo mtu mweusi aliweza kulipwa kwa kuwa mweusi. Filamu za makoloni zilikuwa maficho yenye kamera. Wafungwa wa vita weusi kutoka jeshi la Ufaransa nao walitolewa kambini wakatumiwa kama umati katika filamu za kikoloni za miaka hiyo ya vita, na hao hakuna aliyewauliza kama wanapenda kuigiza.

Mwaka uleule *Carl Peters* ilipoingia kwenye majumba ya sinema, mwezi Agosti, Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, ilimkamata Husen kwa uhusiano na mwanamke mzungu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen akafa huko tarehe 24 Novemba 1944. Mtu angeweza kulipa senti zake Ijumaa kuona sura yake, Jumatatu asijue kwamba mwenye sura yuko nyuma ya waya.

Filamu za maveterani weusi mara nyingi hushindwa hapa kwenye pagumu. Zinataka shujaa asiye na doa, maana zinadhani heshima haipatikani bila hicho. Mwaka 1992 televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ilionyesha *Liberators*, filamu ya William Miles na Nina Rosenblum kuhusu askari weusi wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Miles hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1977 alikuwa ametoa *Men of Bronze*, kuhusu kikosi cha weusi wa Harlem katika vita ya kwanza, kazi ya kuheshimika. *Liberators* ilidai kwamba kikosi cha vifaru cha 761 kilishiriki kuzikomboa kambi za mateso za Buchenwald na Dachau. Baadhi ya maveterani wa kikosi hichohicho walisema hawakuwepo huko. Kituo cha New York kilichohusika kikaiondoa hewani mwaka 1993, ingawa ilikuwa imeteuliwa kuwania Oscar.

Kinachouma ni kwamba kikosi cha 761 hakikuhitaji kuongezewa chumvi. Kilipigana Ulaya siku 183, kikapita kwenye baridi la Ardennes, na Mei 1945 kilikuwepo Gunskirchen, Austria, kambi ilipokombolewa kweli. Lakini jina la Gunskirchen halimtikisi mtazamaji kama la Buchenwald. Basi picha kubwa ikachaguliwa, ukweli mdogo ukaachwa, na wenye kuwachukia maveterani hao wakapewa fimbo bure. Rafiki naye anaweza kuitaka picha ya askari kuliko askari.

Upande wetu wa dunia una simulizi yake ambayo ningependa mtu mwenye kamera angeiwahi. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa Schutztruppe waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee kama 350. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Wengi hawakuwa na chochote. Ofisa wa benki aliyetoka Ujerumani akawaza, akampa kila mzee fagio, akaamuru kwa Kijerumani: bunduki begani, bunduki chini. Inasemekana hakuna aliyekosea.

Simulizi hii hurudiwa kwa kicheko, na kweli ina uchekeshaji wake. Mimi hunikereketa. Yeyote aliyewahi kumsindikiza mzazi kwenye uhakiki wa wastaafu, au anayewakumbuka wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki walivyozungushwa na mafao yao baada ya mwaka 1977, anajua ule uchovu. Mzee wa miaka 70 na zaidi anapewa fagio na kuambiwa acheze uaskari mbele ya mlipaji ili aaminike. Ni usaili wa ekstra. Hata pesa halali ya mtu ilipitia kwenye maonyesho.

Waingereza nao hawakuwa na rekodi nzuri zaidi. Ukipita Kenyatta Avenue jijini Nairobi utaona sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928. Maandishi yake, ambayo aliyatunga Rudyard Kipling, yanawakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kuahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Tafuta jina kwenye mnara huo. Hakuna hata moja. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Mwaka 2019 Channel 4 ya Uingereza ilirusha filamu ambayo mtangazaji wake alikuwa mbunge David Lammy, ikiuliza kwa nini mzungu aliyekufa kwenye vita hiyo Afrika Mashariki ana kaburi lenye jina na mpagazi aliyekufa pembeni yake hana. Msingi wake ulikuwa utafiti wa Michèle Barrett, profesa wa London, aliyechimbua mafaili ya tume ya makaburi ya vita ya Dola ya Uingereza. Kwenye mafaili hayo wenye mamlaka wameandika bila haya kwamba mwenyeji wa Afrika hataelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Tume ikaunda kamati, na ripoti ya Aprili 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ikaomba radhi bungeni.

Kama filamu, ile ya Channel 4 ni ya kawaida. Mtangazaji anatembea, anasimama penye vichaka, anatazama mbali, anageukia kamera. Knopf amemzidi kwa ufundi mara nyingi. Lakini ya Lammy imesogeza serikali, na imeisogeza kwa sababu ilishika karatasi: nani aliandika, tarehe gani, ofisi ipi. Laiti ingebaki kwenye vichaka na hisia, ingeisha na salamu za rambirambi.

Baada ya ripoti ile, tume ya makaburi imekuwa ikitafuta majina, na nyaraka zenye majina ya askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, zimepatikana nchini Kenya. Hapa ndipo kazi inakuja mikononi mwetu. Makarani wa kizungu waliandika majina ya watu wetu kwa kusikia tu. Husen mwenyewe yuko kwenye karatasi kama Mahjub, Majub, Bayume, Husen na Hussein. Anayejua kwamba majina mawili yaliyoandikwa tofauti ni mtu mmoja, au kwamba jina la baba limechukuliwa kuwa ukoo, au kwamba kijiji kilichoandikwa hovyo kiko nyuma ya Masasi, ni mtu aliyelelewa na majina hayo. Kumbukumbu za utawala wa Wajerumani ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mwendo wa daladala. Wote niliowataja humu kwa kuwafuatilia watu hawa, Nagl, Bechhaus-Gerst, Knopf, Barrett na Lammy, wametoka nje, na lugha ya majina haya si yao ya kuzaliwa.